Umemsikia Yagya? Mtafute kabla mvua haijakatika

MASHABIKI wa dab tekno wakikutana ni Basic Channel wa Berlin, kisha Basic Channel tena. Sawa, hao ndio waliofungua njia miaka ya 1990. Lakini Yagya je?

Jamaa huyu wa Iceland alitoa albamu Rigning mwaka wa 2009. Neno hilo kwa Kiaislandi ni mvua, na nyimbo zote 10 zina jina hilo hilo, tofauti ni namba tu. Chini kuna pigo zito lisilochoka. Juu yake sauti za kinanda zinarudi kwa mwangwi, na manyunyu yenyewe unayasikia. Eti zote zinafanana? Hebu weka hedifoni, si spika ya simu, uone zinavyobadilika polepole. Rhythm of Snow ya 2002 pia ni tamu, ingawa kwangu haifikii hii.