Farasi Anayeogopa Turubai

Huko Machame, magharibi ya Moshi, kuna shamba la Makoa, ambako wageni walikuwa wakipanda farasi kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Njia za upande huo hupita katikati ya migomba na kahawa, na farasi hukutana na mengi: bodaboda inayochomoza konani, mbwa, turubai la kuanikia maharage linalopepea kwa upepo. Kwa farasi mwoga, lolote kati ya hayo latosha kumfanya atimue mbio.

Woga huo si ukaidi. Farasi ni mnyama anayewindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Akishtuka, hukimbia kwanza.

Kumchapa, basi, ni kumwonea bure. Fimbo humthibitishia tu kwamba turubai lile linaumiza. Mkufunzi mzuri huliweka mbali, pale farasi anapoliona na bado anatafuna majani. Kisha humsogeza hatua moja. Masikio yakisimama na pua ikitanuka, husimama naye, kamba ikiwa imelegea. Farasi akishusha kichwa na kushusha pumzi, turubai huondolewa papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo zawadi yake. Hapa ndipo wengi hukosea: humharakisha mara tu anapotulia, wakaharibu somo lote.

Kesho yake hurudia.

Na mfongo, ule mfereji wa asili wa Wachagga? Hapo hutangulizwa farasi mzoefu. Mwoga akimwona mwenzake amevuka salama, naye hutia kwato majini.