Sukari ngapi, na kwa kipimo gani?

Kijana wa Minneapolis anaandika kwenye kundi la WhatsApp la familia: "Leo sukari 140, daktari kafurahi." Morogoro simu zinaanza kupigwa, maana kwa mama mashine ikisoma 14 tu, nyumba nzima haikai. Hakuna aliyekosea. Marekani huhesabu miligramu za sukari katika desilita ya damu. Hospitali nyingi za Tanzania na Kenya, kama za Uingereza, huhesabu milimoli katika lita. Gawanya namba ya Marekani kwa 18 upate ya nyumbani: 140 ni 7.8, na kama kijana alipima saa mbili baada ya kula, daktari alikuwa na haki ya kufurahi.

Kipimo kinachoitwa HbA1c, ambacho wengi wetu tunakijua kama sukari ya miezi mitatu, nacho kina mkanganyiko wake. Marekani na Kanada hukiandika kwa asilimia. Uingereza huandika milimoli kwa moli. Barua ya kliniki ya London ikisema 48, maana yake ni asilimia 6.5, si sukari iliyofika 48. Na kabla hujamnunulia mama mashine ya kupimia kutoka Marekani, kumbuka kwamba zinazouzwa huko kwa kawaida husoma kwa miligramu, na vijiti vyake huenda visionekane kabisa katika maduka ya dawa ya mjini kwao. Mara nyingi zawadi bora ni hela ya vijiti vya mashine aliyo nayo.

Mtu huambiwa ana kisukari akifikia mojawapo ya viwango hivi: 7.0 (126 kwa Marekani) akiwa hajala kwa saa nane au zaidi, 11.1 (200) saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi. Au HbA1c ya asilimia 6.5. Asiye na dalili hurudiwa kipimo kabla ya kuthibitishwa. Mwenye kiu isiyokwisha, anayeamka kukojoa usiku kucha na kukonda bila sababu, 11.1 ya wakati wowote inatosha. Kutobolewa kidole kwenye siku ya afya ya msikitini au kanisani ni jambo jema, ila majibu yakiwa juu, hiyo ni sababu ya kwenda maabara, wala si hukumu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wa kwetu hawaambiwi vya kutosha. HbA1c haipimi sukari yenyewe. Inapima sukari iliyonasa kwenye himoglobini katika maisha ya chembe nyekundu ya damu, ambayo huishi takriban siku 120. Kipimo hiki kinadhani damu ya kila mtu inafanana, na damu zetu, zilizoishi na malaria vizazi kwa vizazi, hazifanani na za kila mtu. Katika ukanda wa Ziwa Viktoria, karibu mtu mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha sikoseli bila kuumwa chochote. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwalinganisha Wamarekani weusi wenye kinasaba hicho na wasio nacho: kwa sukari ileile, HbA1c ya wabebaji ilisomeka chini kwa takriban pointi 0.3. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha kwamba kinasaba cha upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambacho nacho kimeenea Afrika, huishusha kwa takriban pointi 0.8 kwa wanaume.

Hesabu yake ni rahisi na inatisha kidogo. Mbebaji ambaye alistahili kusoma 6.6 anasoma 6.3, anaambiwa yuko ukingoni, apunguze ugali na kutembea zaidi, aonane na daktari mwakani. Upungufu wa madini ya chuma nao unaweza kuipandisha namba pasipo sukari kupanda. Anayeugua sikoseli yenyewe, au aliyeongezewa damu hivi karibuni, hapaswi kabisa kutegemea HbA1c.

Basi ukikaa mbele ya daktari wa Leeds au Toronto, mwambie kama kwenu kuna sikoseli, hata kama hakuuliza. Mwambie kama mashine ya kidole inasema jambo moja na barua ya maabara inasema jingine. Zipo njia nyingine: sukari ya asubuhi kabla ya kula, kinywaji cha glukosi, kipimo cha fruktosamini kinachoonyesha wiki mbili au tatu zilizopita, au kihisi kinachobandikwa mkononi.

Aina za kisukari nazo hazijapangika kama tulivyofundishwa. Aina ya kwanza ni kinga ya mwili kushambulia kongosho hadi insulini iishe. Ya pili ni insulini kutofanya kazi ipasavyo na kuzidi kupungua. Si kweli kwamba ya kwanza ni ya watoto na ya pili ni ya wazee. Utafiti wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa 2025 ulikuta kwamba vijana wengi waliohesabiwa kuwa na aina ya kwanza hawakuwa na kingamwili zinazotarajiwa. Na mtaa wa Flatbush, Brooklyn, ulitoa jina kwa hali nyingine: mtu mzima mweusi analetwa hospitali na asidi ya ketoni, dalili zote ni za aina ya kwanza, kisha baada ya miezi ya matibabu daktari anaweza kumtoa kwenye insulini. Daktari, nasisitiza, si mgonjwa mwenyewe wala mjomba aliyesoma mtandaoni. Anayeacha insulini kwa kubahatisha anaweza kufa ndani ya siku chache.

Mama aliyepata kisukari cha mimba asidhani kimezaliwa na kuondoka na mtoto. Apimwe tena wiki chache baada ya kujifungua, na Uingereza hushauri kila mwaka baada ya hapo.

Kuhusu ufuatiliaji, sukari ni sehemu tu. Kila mwaka kliniki inapaswa kuangalia mkojo kama una protini, figo, miguu, shinikizo la damu na mafuta, na macho kwa ratiba utakayopewa. Barua ya picha ya macho ndiyo watu huitupa kwa urahisi zaidi, kwa sababu wanaona vizuri, na madhara ya retina huanza bila kuuma wala kuziba macho.

Wanaofunga Ramadhani wamuone daktari mwezi mmoja au miwili kabla, dozi ipangwe upya. Kutoboa kidole hakuvunji saumu, na miongozo ya kisukari na Ramadhani husema hivyo. Sukari ikishuka chini ya 3.9 (70), au ikipita 16.6 (300), funga inafunguliwa hapohapo, hata kama adhana ya magharibi imebakiza dakika kumi.