Mwanasesere wa Leba

Tuchukue zahanati moja ya kijijini, kati ya Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma, inayozalisha akina mama kumi na watano kwa mwezi. Kwa mwaka ni watoto 180. Wengi watalia wenyewe mara tu wanapotoka. Baadhi watahitaji kukaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo ndipo wavute pumzi. Wachache, tuseme watatu hadi sita katika kila mia, hawatapumua mpaka mtu awasukumie hewa kwa ambu, yaani mfuko wa kuminya wenye maski. Hao ni watoto watano hadi kumi na mmoja kwa mwaka mzima. Ukiwagawa kwa wahudumu watatu wanaopokezana zamu, mmoja wao anaweza kumaliza miezi sita bila kushika ambu mbele ya mtoto wa kweli. Halafu usiku mmoja wa Julai, baridi ya nyanda za juu ikiwa imeingia hadi chumba cha kujifungulia, anatoka mtoto aliyelegea, kimya, na mhudumu huyo ana dakika moja.

Wakunga wanaiita dakika ya dhahabu. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, na kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa mtoto hewa ziliongeza hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu kwa asilimia 16. Muda wa kukimbia kumwita daktari haupo. Aliyempokea mtoto ndiye wa kumwokoa, na kama yuko zahanati, pengine hana wa kumwita.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Mtu mzima anapoanguka ghafla na moyo kusimama, shida mara nyingi imeanzia kwenye moyo wenyewe, na msaada wa kwanza ni kushindilia kifua: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano hadi sita. Mtoto mchanga ni kinyume chake. Moyo wake kwa kawaida ni mzima. Mapafu ndiyo hayajafunguka, na moyo unapungua kasi kwa kukosa oksijeni. Ukimpa hewa mapema, mara nyingi moyo hurudi mbio bila kuguswa. Kwa hiyo stadi ya kwanza ya mkunga ni kuhakikisha hewa inaingia kifuani, na ugumu wake hauonekani mpaka ujaribu mwenyewe.

Mazoezi ya uokoaji kwa mwanasesere yalianza na mtengeneza midoli. Mwaka 1960, wakati madaktari wa Baltimore nchini Marekani wakitangaza njia ya kushindilia kifua bila kupasua, Asmund Laerdal wa mji wa Stavanger, Norway, alitoa mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima wa kufundishia uokoaji huo. Nusu karne baadaye kampuni yake ilimtoa mdogo wa mwanasesere huyo, NeoNatalie, kwa ajili ya mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua, ambayo wahudumu wetu wanayajua zaidi kwa herufi HBB.

Mwanasesere huyo hujazwa maji ya uvuguvugu, na hapo hupata uzito na ulegevu wa mtoto aliyezaliwa muda huo huo. Kichwa kinadondoka nyuma, miguu inaning'inia. Ana mirija yenye vipira vya kubonyeza: mwenzako akibonyeza kimoja, kifua kinapanda kama cha anayepumua, akibonyeza kingine, kitovu kinadunda. Unampokea, unamkausha kwa kitenge, unatupa kilicholowa, unamsugua mgongo. Mwenzako hajabonyeza kitu. Unamlaza chali, shingo imenyooka kidogo bila kupindwa, unamvika maski: kidevu ndani, mdomo na pua ndani, macho nje. Unaminya ambu huku ukihesabu moja, mbili, tatu, ukiminya kwenye moja, ili ufikishe kama pumzi arobaini kwa dakika. Kifua hakipandi. Hewa inavujia shavuni, kwa sababu unaikandamiza maski usoni badala ya kulivuta taya liifuate. Unaishika upya, unaminya tena, bado. Unarekebisha kichwa, unafungua mdomo kidogo, unaminya kwa nguvu zaidi, na sasa kifua kinainuka. Mwenzako anaanza kubonyeza kipira cha kitovu, nawe unauhisi mdundo katikati ya vidole. Zoezi zima limekula dakika tatu. Mwanasesere huyu hambembelezi mtu: hewa isipofika, kifua hakisogei, hata kama mshikaji ni mganga mfawidhi.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuyajaribu mafunzo haya. Kuanzia mwaka 2009 Wizara ya Afya na washirika wake waliyapeleka katika hospitali nane. Matokeo ya utafiti ulioongozwa na Dkt. Georgina Msemo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalikuwa ya kutia moyo sana: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na watoto waliozaliwa wafu, wakiwa wamekufa muda mfupi tu kabla ya kutoka, walipungua kwa asilimia 24.

Lakini somo ninaloliona kubwa zaidi lilitoka Haydom, nalo lilianza kwa kuvunja moyo. Aprili 2010 wahudumu wa hapo walipewa mafunzo ya siku moja. Miezi saba baadaye walipimwa kwa mwanasesere: waliofaulu zoezi la kumpumulisha mtoto walikuwa asilimia 87, kutoka asilimia 18 kabla ya mafunzo. Darasani, ushindi mtupu. Watafiti walipotazama leba yenyewe, ambako kila uzazi ulikuwa ukiandikwa na mtazamaji mwenye saa, watoto waliofyonzwa uchafu au kupumulishwa hawakuongezeka, na waliosuguliwa mgongo walikuwa wamepungua. Wahudumu walijua, lakini ujuzi ulikuwa haujavuka mlango wa leba.

Haydom haikuongeza siku za semina. Ilimhamishia mwanasesere leba. Kuanzia mwaka 2011 wauguzi walifanya zoezi fupi la dakika tatu hadi tano, kila wiki, kazini, na marudio marefu kidogo kila mwezi. Wasimamizi walikuwa wauguzi wenzao. Estomih Mduma na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 2015, vifo vya saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000. Watoto wengi zaidi walisuguliwa, na waliohitaji ambu wakapungua, maana walizindukana mapema. Mwendo huohuo ulipanuliwa katika mradi wa Safer Births kwenye vituo 30 vya mikoa mitano, ikiwamo Tabora na Geita, majirani wa Kigoma. Ripoti yake ya mwaka 2025, iliyohusu karibu jozi 300,000 za mama na mtoto, inaonyesha vifo vya watoto kabla na mara baada ya kuzaliwa vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Mbali na mwanasesere, yapo pia mafunzo ya video. Video inaingia wapi? Inaingia pale ambapo mwanasesere hawezi kufika. Hawezi kubadilika rangi, wala kuonyesha jinsi mtoto anayetweta anavyotofautiana na anayepumua kweli. Video huonyesha watoto halisi. Ile ile inayoonekana Kasulu mjini itaonekana Kakonko bila kupungua neno, tofauti na mafunzo ya kupokezana ambayo hupoteza kitu kila yanapopita mkono mmoja kwenda mwingine. Global Health Media Project ya Marekani imetoa video za huduma ya mtoto mchanga kwa Kiswahili, na ukishazipakua kwenye simu janja huhitaji bando tena. Katika eneo la Wollega Magharibi, Ethiopia, wahudumu waliopewa simu zenye video za uzazi salama waliongeza ujuzi wa kumpumulisha mtoto, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2016. Vifo navyo vilikuwa vichache upande wao, ingawa tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa shaka.

Kasoro ya video ni kwamba haikuoni. Haijui kuwa maski yako inavuja. Ndiyo maana Denmark, ilipotaka kuwafundisha wanafunzi kumwokoa mtu mzima, haikuwapa video peke yake: iligawa vifurushi takriban 35,000, kila kimoja kikiwa na video na mwanasesere wa kujazwa upepo, na wanafunzi wakaenda kuwafundisha wazazi wao sebuleni.

Kwa Kasulu na Kibondo ningeongeza jambo ambalo vitabu vya mafunzo hulitaja kwa ufupi mno, nalo ni maneno. Hapa mkunga anaweza kuwa Mhaya au Mgogo, mama ni Muha wa Heru au Mrundi wa kambi ya Nduta, iliyofunguliwa tena mwaka 2015, au Mkongo wa Nyarugusu, iliyopo tangu 1996. Mtoto akinyamaza, mama huuliza mara moja. Mkunga asiyejua amjibu nini huganda, au hunyamaza, na mama hujaribu kuinuka. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Sentensi mbili za kumjibu zinatosha, na zinaweza kujifunzwa ndani ya zoezi lilelile, mmoja akijifanya mama. Tena katika mkoa huu, kupitia mradi wa Thamini Uhai, akina mama katika vituo kadhaa walianza kuruhusiwa kuingia leba na msindikizaji waliyemchagua. Huyo naye afanyishwe mazoezi: mpe kazi ya kushika tochi umeme unapokatika, au ya kupasha joto kitenge cha pili.

Kinachobaki ni mambo ya kabati na daftari. Mwanasesere akifungiwa stoo, ufunguo ukaondoka na mtu aliyekwenda likizo, hakuna zoezi. Akae kwenye rafu ya leba, karibu na ambu halisi lakini asichanganywe nayo, maana ambu ya mazoezi haijatakaswa. Zamu ya asubuhi ya siku moja iliyopangwa ianze naye, kabla wajawazito hawajajaa. Atakayefanya zoezi aandike jina na muda aliotumia hadi pumzi ya kwanza. Na mhudumu mpya aliyehamishiwa kituoni, hata akiwa na cheti cha mwaka jana, amshike mwanasesere siku hiyohiyo anayoripoti, kabla hajapangiwa zamu ya usiku.