‘S tano’ za Kijapani zawafaa wenye maduka Kikuubo

KAMPALA. Mteja aliyetoka Busia hana muda wa kungoja muuzaji apekue maboksi. Basi la kurudi litamwacha. Ndipo wenye maduka ya Kikuubo wanapoweza kufaidi 5S, utaratibu wa Kijapani unaotumika katika hospitali za Uganda kwa msaada wa JICA.

Hospitali za Tanzania huziita hatua zake sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Ondoa bidhaa zilizododa; zinakula nafasi unayoilipia pango. Kila mali ipate mahali pake, inayotoka sana iwe karibu. Fagia kila siku: vumbi huficha boksi lililolowa. Wauzaji wote wafuate mpango mmoja.

Kazi ni kushikilia, hasa tajiri anapokuwa safarini Nairobi.