Kufuli Halihamishi Mali

Moto ulioteketeza Soko Kuu la Bujumbura tarehe 27 Januari, 2013, uliwaacha wafanyabiashara wengi bila bidhaa wala mtaji. Mkataba wa duka nao ukiisha vibaya, familia yaweza kupoteza riziki vivyo hivyo.

Sheria ya mikataba nchini Burundi, yenye asili katika amri ya tarehe 30 Julai, 1888, humtaka mpangaji aweke ndani vitu vya kutosha kudhamini kodi. Lakini dhamana si umiliki: cherehani ya fundi wa Buyenzi hubaki yake hata akidaiwa. Mwenye nyumba asiiuze; aende mahakamani. Askari akiitwa, hulinda amani, hagawi mali. Mpangaji naye aorodheshe vitu mbele ya mashahidi kabla ya kurudisha ufunguo.