Alama za Siku ya Uteuzi: Je, Hupima Kitu Gani?

Kila dirisha la usajili wa wachezaji linapofungwa nchini Tanzania, hukumu hazikawii kutolewa. Makurunge, wilayani Bagamoyo, kama ilivyo kwingineko pwani, washabiki wa Simba na wa Yanga huanza kubishana jioni ile ile: hawa wamesajili vema, wale wametupa fedha. Mpira wenyewe haujapigwa bado. Huko Marekani jambo hili limefanywa kuwa kazi ya waandishi wa habari. Ligi kubwa za mpira wa Kimarekani na za mpira wa kikapu hufanya kila mwaka uteuzi wa wachezaji wapya, ambapo timu huchagua kwa zamu, na zile zilizofanya vibaya hutangulizwa ili nguvu zisawazike. Mara baada ya uteuzi, magazeti huipa kila timu alama, A, B au C, kama mwalimu asahihishavyo daftari. Yafaa kuuliza alama hizo hupima kitu gani.

Mfano mmoja unawahusu Watanzania moja kwa moja. Tarehe 25 Juni, 2009, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, aliteuliwa na timu ya Memphis akiwa wa pili katika uteuzi wote wa mpira wa kikapu. Alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2008 na 2009 alihesabiwa kuwa mlinzi bora wa ligi yake ya vyuo. Waliomtangulia na kumfuata, kwa mpangilio, walikuwa Blake Griffin (1), Thabeet (2), James Harden (3), Tyreke Evans (4), Ricky Rubio (5), Jonny Flynn (6) na Stephen Curry (7).

Sasa wapangwe upya kwa jumla ya pointi walizofunga katika ligi hiyo: Harden wa kwanza, Curry wa pili, Griffin wa tatu, Evans wa nne, Rubio wa tano, Flynn wa sita, Thabeet wa saba. Mwingereza Charles Spearman alieleza mwaka 1904 njia ya kulinganisha mipangilio miwili ya namna hii. Kwa kila mtu tafuta tofauti ya nafasi zake mbili, uizidishe kwa yenyewe, kisha ujumlishe. Hapa tunapata 4 + 25 + 4 + 0 + 0 + 0 + 25 = 58. Zidisha kwa 6, upate 348. Gawanya kwa n(n² − 1), yaani 7 × 48 = 336, upate takriban 1.04. Toa jibu hilo kutoka 1. Linalobaki ni −0.04. Mipangilio ikilingana kabisa namba hii huwa 1. Ikipingana kabisa huwa −1. Isipokuwapo nasaba yoyote huwa karibu na sifuri. Miongoni mwa saba hawa, basi, nafasi ya uteuzi haikutabiri chochote.

Hata hivyo msomaji asikimbilie kusema kwamba wateuzi hawajui kazi. Kwanza, watu saba ni wachache mno. Pili, pointi ni kipimo kinachomwonea mlinzi. Tatu, na hili ndilo muhimu kuliko yote, saba hawa wamekwisha kuchujwa. Mwaka ule waliteuliwa wachezaji 60, na maelfu wengine wa vyuoni hawakuteuliwa. Ukilinganisha walioteuliwa mapema na walioteuliwa mwishoni, kwa jumla wa mapema hufanya vizuri zaidi. Ni sawa na wanafunzi waliochaguliwa kuingia chuo kikuu: alama zao za kidato cha sita zimekaribiana, hivyo si ajabu zikishindwa kubashiri nani ataongoza darasa. Cade Massey na Richard Thaler, waliochunguza mpira wa Kimarekani katika makala yao ya mwaka 2013, waliona kwamba mchezaji humshinda yule anayefuata kuteuliwa katika nafasi yake ya uchezaji kwa takriban mara 52 katika 100. Sarafu iliyorushwa ingetoa 50.

Alama za magazeti zina udhaifu wa ziada. Mwandishi huwa na orodha yake ya wachezaji kabla ya siku yenyewe. Timu ikifuata orodha hiyo hupata A. Ikiiacha hupata D. Hakuna habari mpya iliyoingia kati, maana hakuna aliyecheza. Kwa hakika kinachopimwa ni kiasi timu ilivyokubaliana na msahihishaji.

Wala matokeo ya baadaye si shahidi safi. Memphis ilikuwa tayari na Marc Gasol, aliyecheza nafasi ile ile ya Thabeet, na ambaye mwaka 2013 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Yeye aliteuliwa wa 48 mwaka 2007! Thabeet alipata dakika chache, akahamishwa timu kadhaa, akamaliza na michezo 224. Griffin naye aliumia goti akakosa msimu wake wote wa kwanza. Tena Barry Staw na Ha Hoang walionyesha mwaka 1995 kwamba timu za kikapu huwapa walioteuliwa mapema muda mwingi wa kucheza kuliko uchezaji wao unavyostahili, kwa kuwa waligharimu sana. Utabiri hapo hujisaidia wenyewe kutimia.

Mkulima wa miwa wa Makurunge hukagua mbegu kabla ya kupanda, na hufanya vema, kwani kipande chenye ugonjwa hutoa shina lenye ugonjwa. Lakini utamu wa muwa hupimwa kwenye mavuno, yapata mwaka mmoja baadaye.

Shule yoyote inaweza kulijaribu jambo hili. Timu za madarasa zikishapangwa, wanafunzi kumi waziorodheshe kwa ubora, kila mmoja peke yake, na bahasha zifungwe na kutiwa tarehe. Msimu ukiisha, orodha zilinganishwe na msimamo kwa njia ya Spearman. Ni lazima pia kuweka orodha ya kumi na moja, iliyopangwa kwa kura tupu, ili ijulikane wabashiri wameizidi bahati kwa kiasi gani. Timu zikiwa 10, namba isiyofikia 0.65 haitoshi kuwa ushahidi. Zikiwa 7, yahitajika ipatayo 0.79.