Sungura Akizidi Kukaa, Mwangalie Nyayo

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tukisikia neno sungura tunawaza vitu viwili: hadithi za shule ya msingi, au mchuzi. Kwetu Ngara kuna cha tatu. Sungura ni mnyama wa mtoto. Mdogo wangu wa kike alikuwa naye mmoja, mweupe, mnene, anayemfuata mpaka jikoni. Nilipofika likizo ya Machi, masika yameshakolea, nilimkuta amejikunyata pembeni mwa banda. "Kaka, siku hizi amekuwa mvivu," mdogo wangu akasema.

Hakuwa mvivu. Nilipomwangalia chini ya miguu ya nyuma, manyoya yalikuwa yamekwisha, ngozi nyekundu, na mguu mmoja una kidonda chenye gamba.

Ukweli ni kwamba sungura hana ule mto mgumu ambao mbwa na paka wanao chini ya mguu. Kinga yake ni manyoya tu, na chini ya manyoya ni ngozi nyembamba iliyolala karibu kabisa na mfupa. Akikaa, uzito mwingi unaangukia kisigino. Sasa mweke usiku na mchana juu ya waya wa kuku, kama sisi tulivyofanya tukidhani tunamsaidia kinyesi kidondoke chini. Manyoya yanalika, ngozi inabanwa, damu haipiti vizuri, mwishowe inapasuka. Mvua ikipiga banda na mkojo ukaongezeka, ngozi inalainika na bakteria wanaingia. Wakifika kwenye mfupa, kazi imekuwa kubwa. Halafu usaha wa sungura si majimaji, ni mzito kama ugali laini, kwa hiyo hautoki wenyewe.

Unene nao unachangia, yaani tulikuwa tunampa pumba kila siku kwa mapenzi. Kucha ndefu pia, maana zinamfanya akanyage vibaya na kuegemea kisigino zaidi.

Hapa nakiri kosa langu. Ndani kulikuwa na kapsuli za amoksilini zilizobaki baada ya mtu kuugua. Nikafungua moja, nikachanganya na maji, nikamnywesha. Siku iliyofuata aligoma kula, akaanza kuharisha, na hakupona. Baadaye ndipo nikaelewa: sungura humeng'enya nyasi kwa msaada wa bakteria wazuri walio tumboni. Dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huwaua hao, wabaya wanachukua nafasi na kumwaga sumu. Kidonda cha mguu kingeweza kusubiri siku mbili tumfuate bwana mifugo. Tumbo halikusubiri.

Kwa hiyo ukimwona wako ana dalili, kwanza mtoe kwenye waya. Mweke kwenye sakafu kavu yenye nyasi kavu nyingi, na ubadilishe kila zinapolowa, hata mara mbili kwa siku. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, osha nyayo taratibu na ukaushe vizuri. Usibandue gamba, na usinyoe manyoya yaliyobaki, ndiyo godoro lake hilo. Usimwogeshe mwili mzima. Unapomshika, tegemeza makalio yake. Akirusha mateke hewani anaweza kujivunja mgongo mwenyewe, na masikio si mpini.

Kama ni wekundu tu, hayo yanaweza kutosha. Ukiona uvimbe, usaha, damu, au amepunguza kula, hapo ni mtaalamu wa mifugo, na mwambie wazi kwamba ni sungura, asije akakupa dawa ya ng'ombe kwa makadirio. Usipake dawa yoyote ya binadamu bila kuuliza, maana atailamba.

Shangazi yangu wa Biharamulo anafuga wengi na sijawahi kuona kidonda kwake. Banda lake halina waya chini. Ana fito zilizonyooka, zimelainishwa, zimepangwa karibu karibu, na upande mmoja ubao mpana wenye nyasi ambapo wanalala. Paa limetokeza mbele, mvua haiwafikii. Chakula ni nyasi kwanza, pumba kidogo sana. Na kila siku wanatolewa kukimbia uani, maana sungura anayetembea habanwi sehemu moja muda wote. Kama banda lako ni la waya na hela ya kujenga upya huna (boom lenyewe tunalijua), weka kipande cha ubao ndani, kioshe na kukianika mara kwa mara. Ni bora kuliko waya mtupu.

Mdogo wangu amepata mwingine, wa kijivu. Kila Jumamosi anamgeuza na kumkagua nyayo. Wiki iliyopita alinipigia simu kuuliza kama doa la waridi ukubwa wa punje ya harage ni la kuogopa. Nikamwambia abadilishe nyasi leo leo na aliangalie tena kesho yake asubuhi.